Hana Mtu

Asho Kahin alikuwa katibu wa Umoja wa Akina Mama wa Bulla Pesa kwa miaka kumi na moja, na ukatibu wenyewe aliupenda kupita kiasi, tuseme ukweli. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba, siku ambazo wasichana wa Kisomali waliofika hapo mjini Isiolo ungewahesabu kwa mkono mmoja na bado ukabakiwa na vidole vya kushikia kikombe. Baba yake, mzee Kahin, askari wa zamani wa Mwingereza, alimwachia mwandiko mzuri na tabia ya kupenda karatasi. Mume wake Hashi, mwenye lori, alikuwa akisema kwamba hata kugombana na Asho kulihitaji ajenda.

Umoja ulianza mwaka wa 1974 na wanawake tisa, kila mmoja na leso ya kijani aliyojishonea pindo mwenyewe. Hawakuwa na mshahara wala ofisi. Kila Jumamosi walifagia soko. Walipanda miarobaini mbele ya zahanati, mbuzi wakaila, wakapanda tena na safari hii wakazungushia miiba. Walifuma vipande vya sufu wakaviunga kuwa mablanketi ya wadi ya watoto, na blanketi la kwanza lilitoka pana upande mmoja na jembamba upande mwingine, lakini mtoto aliyefunikwa nalo hakulalamika. Mwenyekiti wao alikuwa Nakiru, mama wa Kiturkana aliyeuza tumbaku. Hakujua kuandika hata jina lake, ila akisimama na kuweka mikono kiunoni, wachinjaji wote wa soko waliondoa njiani matumbo ya mbuzi wao bila kuambiwa mara mbili.

Jirani wa Asho, mlango kwa mlango, alikuwa Qabale Elema, mjane wa Kiborana. Ng'ombe wa marehemu mume wake walifia kambini Garbatulla ile miaka ya vita vya shifta, serikali ilipowafungia watu na mifugo yao, na mume naye hakukawia kuwafuata. Qabale akaja mjini na binti mmoja, akapanga chumba, akawa anapokea maziwa kwa wachungaji alfajiri na kuyauza kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi vizuri, hata watu wa Majengo wakavuka mji kuyafuata. Hakuwa mwanachama wa Umoja. Alisema hana muda wa kufagia uchafu wa wengine wakati wa kwake bado uko. Lakini yeye na Asho walikuwa kama watu waliozaliwa nyumba moja.

Qabale alikuwa mgonjwa wa macho. Ugonjwa wenyewe unaitwa vikope, na watu wa kule kwenye vumbi na nzi wanaujua. Kope hugeuka zikaelekea ndani, na kila mtu anapopepesa, zinakwaruza jicho. Mwishowe jicho huwa jeupe, na likishakuwa jeupe hakuna wa kulirudisha. Kwa hiyo kila Ijumaa, kabla ya adhana ya mchana, Qabale alijilaza mkekani na kuweka kichwa mapajani mwa Asho, na Asho, akiwa na kibano kilichokatwa na fundi bati, akazing'oa zile kope moja moja.

"Mama Jama, polepole," Qabale alikuwa akisema, akimwita Asho kwa jina la mwanawe. "Hiyo ni jicho, si kuku."

"Wewe ndiyo unatingisha kichwa. Tulia."

"Mtu akitulia sana kwa mkono yako, atazikwa."

Walicheka, machozi ya Qabale yakashuka kuelekea masikioni, na Asho akayafuta kwa pindo la mtandio wake. Hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyeyajua yale macho kama yeye. Aliona jinsi kope zilivyoota tena kila wiki, ngumu kuliko zile za kwanza, na alijua kwamba kibano hakiponyi.

Ndiyo maana alipopata habari kwamba kuna madaktari wanaozunguka na hema, wanaokata kope na kuzigeuza zitazame nje tena, aliandika barua. Aliandika barua nane kwa mwaka mzima, kwa niaba ya Umoja, na zote nane aliziandika akimfikiria Qabale. Hili ni kweli, wala hakuna wa kumnyang'anya. Jibu lilikuja mwaka wa 1979: madaktari wangekuja siku mbili, Jumatano na Alhamisi, Umoja utafute wagonjwa, uwajazie fomu.

Asho alipozishika zile fomu, alijisikia kama amepewa cheo. Aliketi barazani kwake siku mbili, wagonjwa wakapita mbele yake mmoja mmoja, naye akauliza yaliyotakiwa. Jina. Umri. Jicho gani. Na swali la mwisho: *Ana mtu?* Maana yake ilikuwa ndogo tu. Mgonjwa akishapasuliwa hufungwa bandeji macho yote siku nzima, basi anahitaji mtu wa kumshika mkono, kumpeleka nyumbani, kumlisha, kumpeleka msalani. Penye swali hilo Asho aliandika jina la mume, mtoto, dada, yeyote aliyekuwepo.

Fomu ya Qabale aliijaza mwenyewe kwa kuwa yote aliyajua. Alipofika kwenye swali la mwisho kalamu ilisita. Binti wa Qabale, Sadia, alikuwa ameolewa Garbatulla na mimba yake ilikuwa imefika miezi minane. Nani basi? Jawabu lilikuwa rahisi, na hata mtu asiyejua kusoma angelitoa: Asho. Lakini siku hiyo Asho alikuwa amejipangia kupokea wageni, kusoma risala, na kusimama kando ya daktari amtafsirie. Mke wa mkubwa mmoja wa serikali angekuwepo. Hakuwa anamtupa Qabale, alijiambia, Umoja ungempa mtu mwingine wa kumshika. Akaandika kwa mwandiko wake ule mzuri: *Hana mtu.*

Ijumaa iliyofuata chifu aliitisha baraza uwanjani ili watu wasikie nani ameandikishwa. Chifu huyo alikuwa mtu wa kusoma kila kitu kilicho mbele yake, hata namba iliyopigwa chini ya karatasi. Alishika kipaza sauti akaanza. Uwanja ulikuwa umejaa, na nyuma kabisa walikuwa wamesimama wanaume wa Kiborana waliotoka mnada wa ng'ombe, fimbo mabegani.

"Qabale Elema," chifu akasoma. "Miaka arobaini na mitano. Macho yote mawili. Hana mtu."

Akaendelea na jina lingine. Lakini kule nyuma, wale wanaume waliteremsha fimbo zao mabegani, wakatazamana.

Msomaji asiye wa huko huenda asione kitu. Kwa Waborana wa Waso, nchi yao ya kando ya mto, mtu anaweza kukosa ng'ombe, akakosa nyumba, akakosa hata mume, na bado ni mtu mzima, kwa sababu ukoo wake upo na ukoo una deni la heshima kwake. Mifugo yake ikiisha, ndugu huchanga, kila mmoja anatoa alichonacho, wakamsimamisha tena. Kusema mbele ya watu kwamba fulani hana mtu ni kusema ndugu zake wamemtupa kama ngozi mbovu. Qabale alivuta shuka lake likafunika uso, akainuka, akapita katikati ya watu akaenda zake. Asho alimwona. Alidhani macho yanamuuma.

Maneno yalipanda lori la mifugo siku ileile. Jumapili yalikuwa yamefika Merti, na Biliqo, kwa ndugu za Qabale, hayakuchelewa. Jumatatu mapema, kaka wa Qabale aliyeitwa Yattani akashuka Bulla Pesa, mwanamume mrefu aliyevaa kilemba, mkimya. Alikuja na ujumbe wa ukoo. Ukoo umetoa ng'ombe watano, watatu wana maziwa, wako njiani kuingia katika boma la Yattani, na boma hilo ndiko nyumbani kwa Qabale. Afunge vibuyu vyake waende.

Ni Nakiru aliyelisikia jambo hilo kwa ukamilifu, maana alikuwa anaelewa Kiborana na hakuwa na haya ya kuuliza. Akamfuata Asho, akamkuta akikunjua vitambaa vya meza.

"Katibu, sikia. Ule ndugu ya Qabale amekaa pale kwa mlango. Hajakubali hata chai ya jirani. Anasema dada yake hawezi kupasuliwa kwa hema ya watu wametupwa. Hao Borana mimi nawajua, nimekaa na wao. Chukua buna, enda, sema neno ilitoka vibaya. Basi, imekwisha. Mama ya watu atapasuliwa Jumatano."

Buna ni kahawa nzima na ganda lake, inayokaangwa kwa samli. Waborana hutafuna buna wakibarikiana, na mtu aliyemkosea mwingine akija na konzi ya buna mkononi, ni vigumu kumrudisha alikotoka. Asho aliyajua haya. Alikuwa amekaa na Qabale miaka mingi mno asiyajue.

"Neno gani mimi nilisema?" Asho akauliza. "Hiyo ni fomu. Fomu inauliza, mimi najibu."

"Fomu haina mdomo, Mama Jama. Wewe iko na mdomo."

"Nitaenda. Wageni wakishaondoka, nitaenda na buna kilo mzima."

"Wageni wakishaondoka, Qabale pia ameondoka."

Asho alikasirika. Alikasirika kwa sababu alikuwa ameandika barua nane, na sasa yeye ndiye wa kwenda kupiga magoti mbele ya mtu ambaye hakuwahi kumletea dada yake hata kikombe cha maziwa kwa miaka kumi. Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine alichokiogopa zaidi: Yattani angemuuliza kwa nini hakujiandika yeye. Kwa hiyo akajipa kazi. Kulikuwa na hema la kusimamisha, viti vya kuazima madrasa, maji ya kuchemsha, risala ya kunakili upya kwa sababu mstari mmoja ulikuwa na wino uliomwagika. Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita. Alijiambia kwamba kesho, daktari akifika, atamtuma daktari mwenyewe aongee na yule kaka, daktari ataeleweka.

Jumatano asubuhi madaktari walifika. Risala ilisomwa, makofi yakapigwa. Daktari akaketi, akaomba jina la kwanza, na la kwanza lilikuwa la Qabale, maana Asho aliiweka fomu yake juu kabisa ili rafiki yake asikae kwenye foleni. Akaita. Akaita tena, sauti ikipanda. Mwanamke mmoja kwenye mstari akasema amewaona Qabale na kaka yake wakipanda lori la chumvi, jua likiwa linachomoza. Daktari akasema, sawa, anayefuata.

Walipasuliwa watu arobaini na mmoja kwa siku mbili. Kazi ilisifiwa hata ng'ambo ya mji, na ilistahili sifa. Wako wazee ambao hadi leo wanatembea Bulla Pesa bila fimbo kwa sababu ya wale wanawake wa leso za kijani. Picha ilipigwa. Asho yuko katikati, amekumbatia fomu, anatabasamu, na mtu asiyejua angesema huyu mama ana furaha.

Baada ya hapo chumba cha Qabale kilipangwa na fundi viatu. Siku za Ijumaa zilianza kuwa ndefu. Asho alituma salamu kwa kila dereva aliyeelekea Merti, na salamu zikarudi fupi: anasalimia, ni mzima. Aliuliza kama kuna mtu anayemng'oa kope, na madereva wakamtazama kama mtu aliyeuliza habari za kichaa. Madaktari waliporudi miaka miwili baadaye, alimpelekea Qabale ujumbe kwa watu watatu tofauti. Hakuja. Kila aliyemuuliza Asho kilichotokea aliambiwa kuhusu fomu na lile swali baya lililoandikwa na watu wa Nairobi wasiojua nchi. Siku nyingine alimlaumu chifu, siku nyingine Yattani na kiburi chake. Aliyasema haya vizuri na kwa mpangilio, na watu walimwonea huruma.

Ukame wa 1984 ulipokuja, ng'ombe watano walikuwa wameshakuwa kumi na mmoja. Wote walikufa. Mwaka uliofuata mvua ikanyesha, na lori la Hashi likakodiwa kupeleka mahindi ya msaada hadi Biliqo. Asho akasema anakwenda. Hashi alimtazama, akaona hakuna ajenda ya kujadili, akamtolea mto wa kukalia. Walisafiri siku mbili, gurudumu likazama mchangani mara mbili, na Asho njia nzima aliweka mapajani mfuko mdogo wa buna.

Walimkuta Qabale ameketi kivulini mwa nyumba ya Yattani, mgongo umenyooka, uso umeinuliwa kidogo. Macho yote mawili yalikuwa meupe. Asho alikuwa ameshaambiwa na madereva, na alidhani kuambiwa kungetosha, lakini alilazimika kushika mlango.

"Salaam aleikum, Qabale."

Qabale aligeuza sikio kuifuata sauti. "Aleikum salaam. Huyo ni Mama Jama," akamwambia wifi yake. "Leta mkeka."

Asho akapiga magoti, akaimimina buna katika viganja vya Qabale. Qabale aliinusa, akaitafuna punje moja mbichi, akacheka kidogo akisema watu wa mjini bado wanauziwa buna ya zamani. Ikakaangwa kwa samli mpaka ikapasuka. Qabale akaomba dua ya amani kwa Kiborana, amani kwa waliopo na wasiokuwepo, amani kwa lori, amani kwa watoto wa Asho, kisha akachovya vidole katika samli akampaka Asho mikononi na kwenye paji la uso. Akasema yamekwisha. Asho alilia hapo, akalia bila kujificha, kwa sababu alikuwa amekuja tayari kwa matusi.

Angenyamaza, pengine angerudi Isiolo na radhi hiyo ikamtosha. Lakini alitaka pia aeleweke.

"Ile neno, Qabale," akasema. "Ilikuwa tu mambo ya kushikwa mkono. Bandeji. Si mambo ya ukoo. Hiyo fomu…"

"Najua."

"Unajua?"

"Hata siku ile nilijua. Yattani alipokuja nilimwambia, huyu mwanamke ameandika mambo ya kushikwa mkono tu. Yeye hana mdomo mbaya. Yattani akasema, sawa, basi akuje aseme yeye mwenyewe, hata neno moja, na wewe ubaki upasuliwe. Tukangoja. Jumatatu, Jumanne. Hata Jumatano lori ilikuwa inapakia chumvi, mimi nasema, ngoja kidogo."

"Kulikuwa na wageni," Asho akasema, na aliposikia sauti yake mwenyewe alitamani asingesema.

"Eeh. Ulikuwa unabeba viti." Qabale alizungumza bila hasira, kama anayekumbuka jambo dogo la sokoni. "Unatoa kwa madrasa unapeleka kwa hema. Mara ya kwanza ulipita mbele ya mlango yangu, haraka. Halafu ukaanza kuzungukia nyuma, kule kwa vyoo. Nilihesabu mara nne. Viti iko kwa kichwa, leso iko safi. Nikajua haukuji. Lori ilipomaliza kupakia nikamwambia Yattani, twende."

Hilo la kuzungukia nyuma Asho hakuwahi kumwambia mtu. Hakumwambia Nakiru wala Hashi, na kwa miaka sita alikuwa amejitahidi hata yeye mwenyewe asilijue.

"Hiyo ndiyo kitu ya mwisho mimi niliona vizuri ya mbali," Qabale akasema. "Barabarani macho yalishika moto, na hayakupoa tena."

Jua lilikuwa limewafikia miguuni, na Qabale akajisogeza, akataka kuinuka aingie ndani. Asho aliruka akasimama, akanyoosha mkono wake wenye samli.

"Ngoja, nikushike."

"Wewe kaa, Mama Jama. Wewe ni mgeni," Qabale akasema, akanyoosha mkono upande wa pili, na wifi yake, aliyekuwa akikoroga uji, akaacha mwiko akaja akaushika.